Mashapo ya Chupa

Sacramento, 14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima, ila mimi uchovu umenikaa mifupani. Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani, wewe na mimi. Kwenye barua angalau hatukatizani maneno.

Binamu Elio atakuletea mjukuu wako Noemi Jumamosi. Kituo cha kulelea watoto kimemrudisha tena. Safari hii alipanda juu ya kabati la vitabu akagoma kushuka. Nami huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wamenipangia zamu mbili mfululizo hadi Agosti. Sina pa kumpeleka ila kwako.

Najua huiamini dawa yake. Nisikilize hata hivyo. Daktari hakusema mtoto ni mtukutu, alisema akili yake inakimbia kuliko breki zake, na dawa inamsaidia kushika breki. Vidonge hawezi kumeza, anatapika, ndiyo maana wametupa ya maji. Ni mara moja tu, asubuhi, baada ya chai na mkate, maana mchana hamu ya kula hupungua. Pima kwa lile bomba dogo la plastiki, kama la sindano, si kijiko cha jikoni, mpaka kwenye mstari niliouchora. Ukisahau mpaka mchana, acha, la sivyo usiku hatalala. Ifungie kwa ufunguo. Mengine yameandikwa kwenye chupa.

Mwisho wa kiangazi daktari ataamua kama tuendelee nayo au tuache, na ataamua kwa utakayoniambia wewe. Mwalimu wake mpya ameshasema asipotulia hatamweka darasani kwake. Mama, usinifiche kitu.

Mwanao,
Lidia

Amador, 2 Julai

Mwanangu Lidia,

Barua nimepata. Magoti yananung'unika kama marehemu baba yako akisikiliza taarifa ya habari. Wewe unakula? Usinidanganye.

Noemi hajambo, tena hajambo kupita kiasi. Kuku wameacha kutaga kwa kumwogopa. Siku ile ile aliyofika alibandua kibandiko cha chupa ya dawa akambandika mbwa kwenye paji la uso, ati Moro naye atulie. Nilitaka kugomba, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Dawa nampa ulivyosema, baada ya chai, kwa bomba. Naitunza kama mvinyo wa baba yako: kabatini, gizani, haiguswi ovyo. Lakini ulisema nisifiche. Lidia, hiyo dawa ni maji matupu. Jana nilimwambia afunge kamba za viatu. Alifunga kiatu kimoja, kamba ya pili akaichomoa akamfungia mbwa. Akianza kunisimulia jambo, katikati ameshatoka mlangoni. Wewe ulikuwa hivyo hivyo, na tulikulea bila chupa.

Mama yako,
Argia

Sacramento, 9 Julai

Mama, shikamoo.

Mlinilea bila chupa, ni kweli, na shule ikanishinda nikiwa bado msichana mdogo, mpaka leo nafua shuka za wagonjwa. Sisemi kwa ubaya. Nimechoka tu, Mama.

Nimempigia daktari nikamwambia neno lako, maji matupu. Amesema tuongeze kidogo. Ukipata barua hii, anza kupima mpaka mstari unaofuata. Moyo ukimwenda mbio, au ukimwona amebadilika, usingoje barua.

Mwambie nampenda. Shati lake la njano nalalia kama mto.

Mwanao,
Lidia

Amador, 20 Julai

Lidia,

Leo sikuulizi hali. Simu yako nimepiga mpaka kidole kimechoka, umeizima uko kazini. Barua hii nampa Elio akuletee mkononi, ili uipate yote bila mimi na wewe kupigiana kelele.

Mtoto si yule. Tangu juzi anakaa kibarazani anachuna ngozi ya vidole. Ukimwita, anageuka polepole kama mtu mzima aliyefiwa. Chakula hataki kukiona. Leo nilimpakata, nikasikia moyo unadunda kama wa kifaranga aliyeshikwa. Jirani akatukimbiza zahanati. Wamempima, wamekaa naye mpaka moyo ukatulia, wakasema tusimpe tena hadi daktari wake aseme. Sasa amelala, usiogope.

Njiani aliniuliza, "Bibi, nikikaa kimya hivi ndiyo mnanipenda?" Nililia mbele yake, Lidia. Sikuweza kujizuia.

Mimi simpi tena. Wala usiniambie nilikosea kupima, maana nimekuwa makini kuliko padri na divai ya misa. Kila asubuhi nilichota juu juu, palipo safi. Chupa haikutikisika hata siku moja, kama alivyotufundisha baba yako kwa mvinyo wake: atikisaye chupa huwanywesha wageni matope. Mashapo nikayaacha yatulie chini. Wiki hii ile safi ikaisha, yakabaki mashapo, na kwa kuwa dawa haimwagwi, nikampa hayo hayo.

Mama yako

Sacramento, 21 Julai

Mama, shikamoo.

Elio alinikuta kwenye mashine za kukaushia. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye mashapo nikakaa juu ya rundo la shuka chafu nikacheka, kisha nikalia, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Mama, hayo mashapo ndiyo dawa. Inazama chini, kwa hiyo inatakiwa itikiswe kwa nguvu kila asubuhi kabla ya kupima. Mwanzoni ulimpa maji kweli. Mwishoni ukampa nzito iliyojikusanya, na mimi juu yake nikaongeza kipimo. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibandiko. Kile alichovaa Moro.

Sikukasirikii. Nani nyumbani kwetu aliwahi kutikisa chupa? Hata mimi natikisa dawa hiyo nikihisi baba ananitazama.

Daktari anasema apumzike, kisha tuanze upya na chupa mpya, kipimo kile cha kwanza. Ila ameuliza kama kuna mtu wa kuaminika huko wa kumpa. Kama hayupo, tuache kabisa. Nimemjibu yupo. Najua unaogopa, hata mimi naogopa. Ukikataa nitakuja kumchukua, sijui nitampeleka wapi.

Mwanao,
Lidia

Amador, 16 Agosti

Mwanangu,

Umeona kimya changu. Chupa mpya ilifika nikaifungia, kila asubuhi naitazama, naufunga mlango wa kabati. Sikuwa na hasira. Niliuogopa mkono wangu.

Aliyenitoa woga ni Noemi. Alisimama mbele ya kabati akasema, "Bibi, wewe pima, mimi nitatikisa. Kutikisa najua." Na anajua, Mungu wangu! Nakaza kifuniko, namkabidhi, anaruka nayo jikoni, anazunguka meza, Moro nyuma yake anabweka. Kisha anairudisha, mimi napima, nafungia, ufunguo navaa shingoni.

Mwambie daktari hivi, kutoka kwangu: inamfaa. Anafunga viatu vyote viwili. Juzi alinisimulia habari ya punda wa jirani mpaka mwisho, na mimi sikuwahi kusikia mwisho wa habari yake yoyote. Mchana anadonoa tu, lakini jioni dawa ikimwisha kelele zinarudi, anamaliza sahani mbili za ugali wa njano. Lile swali lake la njiani nimemjibu. Nimemwambia yule wa asubuhi ni wetu, na huyu wa jioni ni wetu, na nikikosa mmoja nyumba inapwaya.

Sasa wewe. Elio anasema umekonda, nguo zinakuning'inia. Zamu zako zikiisha usije kumchukua mtoto ukageuza siku hiyo hiyo. Njoo ulale. Kitanda chako nimekitandika. Asubuhi utasikia kishindo jikoni na mbwa akibweka. Usiamke, mwanangu, ni sisi tunatikisa chupa.

Mama yako,
Argia