Mzee Ubwa Mcha: Safari ya Mgongeni Tuliyokucheleweshea

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ulipotuaga nyumbani Chukwani, asubuhi ya Ijumaa, macho umeyaelekeza mlangoni. Wenzako wa siasa wameshakukumbuka wiki hii kwa picha yako ya suti na vyeo vyako vyote chini yake. Tunawashukuru. Sisi wa nyumbani tumekawia, kwani tulichonacho cha kukwambia kinatuinamisha vichwa, na tumetakiwa tukiseme mbele za watu.

Ulianza ukiwa mwalimu wa watoto wa Mgongeni, huko Kusini Unguja, ukiwafundisha hesabu kwa vifuu vya nazi. Kutoka hapo ukawa mjumbe, ukawa waziri, ukavuka maji ukashika madaraka ya Muungano, na jina lako likawa linasomwa kwenye taarifa ya habari mpaka bara. Hukubadilika. Tulipokuwa tukikaa ghorofani Michenzani ulikuwa ukirudi kazini unagonga kila mlango wa ngazi yetu. "Hamjambo humu? Hamna mgonjwa?" Ukifika juu, Mama, Mungu amrehemu, anakwambia: "Mheshimiwa, wali umeshakuwa barafu. Kaule basi kwa hao wapiga kura wako." Unacheka, unakaa, unaula vivyo hivyo.

Alasiri ulikwenda Mji Mkongwe, barazani Mkunazini, kwa kahawa chungu na kashata. Ulibishana mpira na watu ambao kura yao hukupata kuipata hata mara moja, na uliposhindwa ulinunua wewe kahawa. Kanzu zako hukumwachia mtu kuzipiga pasi. Ulisema sisi tunakuachia mikunjo ya mabegani.

Mfereji wa maji ya bomba wa Mgongeni ni wako. Kituo cha afya cha Mgongeni ni chako. Siku maji yalipotoka, wanawake walikumwagia ndoo nzima, ukarowa na suti yako pale kiwanjani huku ukicheka kama mtoto. Picha ile ipo ukumbini mpaka leo, na kila tukiitazama tunajua nyuma yake kuna jambo jengine.

Kwani kiwanja ni kile kile, Baba. Ulisimama hapo mwaka wa uchaguzi, siasa imechacha, ukashika kipaza sauti ukasema: "Asiyekuwa nasi si mwenzetu! Msile naye, msioane naye, na akifa msimzike!"

Watu walipiga makofi. Usi, mwanao mkubwa, alikuwa pembeni yako jukwaani, naye alipiga. Nadhira, binti yako, alipiga vigelegele. Wewe ukaingia garini ukarudi mjini. Maneno yako yalibaki pale pale Mgongeni, yakaanza kazi.

Maduka yaligawana wateja. Wanawake wa mwani wakawa hawatwishani magunia. Usi alimwacha mkewe kwa kuwa baba mkwe yuko upande wa pili, na mtoto wao mchanga, Mize, akalelewa na mama yake huko huko kijijini. Mjukuu wa waziri akaishia darasa la saba, akaingia pwani kufunga mwani.

Siasa ikiwa bado imechacha akafa Mkadam, ndugu yako wa baba mmoja mama mmoja. Naye alikuwa wa upande wa pili. Milango ya Mgongeni ilifungwa. Mkewe, Bi Thuwaiba, alichukua ndoo akenda mferejini kuteka maji ya kumuoshea maiti wake, akakuta wanawake wenzake wamesimama wameuzuia.

"Huu mfereji wa waziri wetu, bibi. Kateke kisima cha kale."

Akenda. Aliyachukua maji yale kichwani peke yake, akaenda na kurudi mpaka yakatosha. Kaburi walichimba wanawe, na ndio kwanza walikuwa wanabaleghe. Habari ilikufika mjini mapema, gari ilikuwapo, na njia unaijua. Hukwenda kumzika ndugu yako, kwa sababu wewe ndiye uliyesema.

Miaka ikapita. Wakubwa wa pande zote mbili wakapeana mikono, na kijiji nacho kidogo kidogo kikaanza kuzikana tena, bila ya mtu kumuomba mtu radhi. Ukastaafu. Kiharusi kikakulaza upande mmoja. Mize, ambaye ulimjua zaidi kwa picha kuliko kwa sura, akaja Chukwani kukuuguza, maana sisi wengine tulikuwa na kazi. Ndivyo tulivyosema, tulikuwa na kazi.

Mize si msemaji. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda chako akakutazama, na yeye ndiye aliyeona kwamba kila Ijumaa unahangaika unataka kuvaa.

"Unakwenda wapi, babu?"

"Mgongeni. Kwa shemegi yangu."

"Kuna nini?"

"Nnakwenda kumuomba radhi. Nnataka nimuombe mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, kabla hakijapinda chote."

Akaipiga pasi kanzu yako nyeupe, mabega akayaangalia mara mbili, akaitundika nyuma ya mlango. Usi alipoambiwa juu ya gari akasema jua kali. Ijumaa nyengine kukawa na wageni. Nyengine daktari hajaruhusu. Mwisho Nadhira akalisema lililokuwamo moyoni mwetu sote:

"Baba, ukenda kuomba radhi kwenye kibanda cha makuti, kesho watu watasema hata mfereji ulikuwa kosa. Jina lako hili tunalitumia sote."

"Kama mnalitumia nyote," ulimjibu, na ulimi wako mzito, "basi nisaidieni kulifua."

Tulidhani utasahau, ulivyokuwa unasahau mengine. Na kila Ijumaa Mize aliishusha kanzu, akaipiga pasi upya, akaitundika pale pale.

"Leo, babu?"

"Leo, inshaallah."

Ulipotutoka kanzu bado ilikuwa nyuma ya mlango, imenyooka, haina hata mkunjo.

Uliusia uzikwe Mgongeni, ubavuni mwa baba yako Mzee Mcha. Usi aliingiwa na hofu. Kijiji kile, na maneno yale, nani atakuchimbia kaburi? Hakumuuliza mtu. Akakodi vijana mjini, na majembe yao, akawatanguliza. Walipofika makaburini wakakuta kaburi lishachimbwa, mwanandani umenyooshwa vizuri, na wanawe Mkadam wamekaa pembeni, matope mpaka magotini.

"Majembe ya nini, yakhe?" mmoja wao akawauliza wale vijana wa mjini. "Mnakwenda kulima? Sie kwetu mtu akifa tunamzika."

Maneno yale yalimkuta Usi anashuka garini. Alisimama na mlango wa gari mkononi, hajui aufunge au arudi ndani.

Upande wa wanawake Nadhira alikuwa anawapanga wageni wa mjini kwenye viti. Jikoni akamuona bibi mmoja, kanga imempauka, anakoroga sufuria. "Bi mkubwa, wageni maji ya kunawa yamewaishia. Hebu kateke."

"Naam," yule bibi akaitika. Akachukua ndoo akenda mferejini.

Mize ndiye aliyemkimbilia akampokea ndoo njiani. Aliporudi akamwambia shangazi yake sikioni: "Yule Bi Thuwaiba." Nadhira alikaa chini mchangani, mbele ya wale wageni wake, akajifunika uso kwa kanga.

Makaburini shekhe akauliza, kama ilivyo ada yetu: "Huyu mwenzetu ameishi na sisi. Ambaye amekosewa naye, na amsamehe." Wanaume wakaitika kwa sauti moja: "Tumemsamehe!" Sauti ilifika mpaka jikoni. Bi Thuwaiba akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Wameitika wao," akamwambia Mize. "Miye sijaulizwa."

Ndilo tulilokaa nalo mwaka mzima, Baba. Watu wanakutaja kwa mema barabarani, nasi tunaitikia huku tunatazama chini. Na huenda tungeendelea hivyo, tukakusomea hitma Chukwani kwenye kivuli na viti vya kukodi, lau si Mize. Mwezi uliopita aliingia sebuleni na ile kanzu, akaiweka mapajani mwa baba yake, akarudi jikoni. Usi aliishika muda mrefu. Kisha akampigia simu Nadhira, wakenda Mgongeni wote watatu.

Walimkuta Bi Thuwaiba uani, anapiga makumbi ya nazi.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba. Mmepotea? Njia ya hoteli mmeshaipita, iko huko nyuma."

Usi akapiga magoti pale kwenye vumbi la makumbi. "Tumekuja kuomba radhi."

"Ya nani? Yake au yenu?"

Akajibu Nadhira: "Yake. Na yetu. Na ya ile ndoo."

Bi Thuwaiba akamtazama, akacheka kidogo. "Ile ndoo mbona ilikuwa nyepesi, mwanangu. Siku ile ya baba yenu mfereji nliachiwa."

Nadhira alilia. Bi Thuwaiba akamwacha alie, akageuza kumbi lake, akaligonga, akaligonga tena.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Shemegi yangu hakunong'ona. Alisema kiwanjani, kwa kipaza sauti, na watoto wanasikia. Wanangu walikuwapo, wamekaa mbele kabisa, wamekwenda kumshangilia ami yao. Leo nyinyi mnakuja kuninong'oneza uani kwangu. Anasikia nani? Makumbi?"

Mize ndiye aliyeuliza: "Tukisema kiwanjani, utamsamehe?"

"Semeni kwanza."

Akarudi kwenye kazi yake. Hakuwafukuza, wala hakuwakaribisha ndani.

Kwa hivyo tunaanzia hapa, Baba, kwenye tangazo hili, wasikie na walioko mbali. Maneno uliyoyasema Mgongeni yalikuwa makosa. Uliyajutia, ulitaka kwenda kuyafuta, na sisi wanao tulikuzuia kwa kuogopea jina. Tulipiga makofi ulipokosea, na tulipokuona unataka kutengeneza tukasema jua kali. Tunakuomba radhi wewe. Tunawaomba radhi wote waliofungiwa milango, walioachwa wachimbe makaburi ya wazee wao peke yao, na waliovunjiwa ndoa zao kwa maneno yale.

Ijumaa hii, baada ya sala, hitma yako itasomwa kiwanjani Mgongeni. Si Chukwani. Hakutakuwa na viti vya waalikwa. Watu wote watakaa mikekani, na kila mmoja atakaa popote atakapopata. Usi atashika kipaza sauti ayaseme haya tena, kwa mdomo wake, amevaa kanzu yako. Mikono imemfupia, lakini Mize ameshaipiga pasi. Maji ya kunawa atateka Nadhira.

Bado tunakupenda, Baba. Tunaukosa mkono wako mlangoni na sauti yako ya "hamna mgonjwa humu?" Tukiwa na aibu hatuna maana kwamba tumekukana. Tumekuwa na aibu kwa kuwa wewe ni wetu.

Wanaokukumbuka ni wanao Usi na Nadhira. Mjukuu wako Mize. Wanawe ndugu yako Mkadam, waliokuchimbia kaburi. Majirani wa ngazi yetu ya Michenzani. Na wenzako wa baraza ya Mkunazini, ambao wanasema kahawa sasa wanajinunulia wenyewe.

Jina la Bi Thuwaiba tulitaka kuliweka hapa, kati ya wanaokukumbuka. Alimwambia Mize tusiliandike kati yao kabla ya Ijumaa, wala hakusema kama atakuja. Mkeka wake tutautandika mbele, pale walipokaa wanawe siku ile, na hakuna atakayeukalia.

Hatujakusahau, Baba, kwa mema yako wala kwa hili, na hatutakusahau maisha.