Namba ya Kinyozi Niliyoiandika kwenye Fomu ya Hoteli

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue anayekuandikia ni nani, usije ukanijibu kama unavyowajibu hawa vijana wanaolilia wachumba. Nina miaka sabini na nne, nimewazika wenye nyumba watatu na mameneja wawili wa hoteli, meno yangu yote ya juu yametangulia, baiskeli ya kunolea niliyoanzia kazi imekufa na mimi bado nakanyaga nyingine. Kazi yangu ni kunoa visu na mikasi na mashoka, na hakuna kisu mji huu kilichopita mikononi mwangu kikarudi kulalamika, ndiyo maana wananiita Makali, na barua hii nimeiandika mwenyewe siku nne, sikushikwa mkono na mtu.

Sasa sikiliza. Kila Alhamisi nanoa visu vya jikoni kwenye hoteli moja kubwa iliyo juu ya kilima, huu mwaka wa kumi na tisa, na siku zote mpishi mkuu alikuwa ananilipa mkononi naondoka zangu, mpaka akaja mhasibu mpya, binti mdogo mwenye miwani, akanifuata jikoni na karatasi akasema, "Babu, hapa andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, hapa anwani, hapa namba yako ya mlipakodi, halafu utie sahihi. Bila karatasi hii siwezi kukulipa tena." Nikaigeuza ile karatasi huku na huku. Akasema, "Nikusaidie kuijaza, babu?" Basi hapo kichwa kikapanda, nikamwambia, "Binti, mimi nimejaza fomu mama yako akiwa bado ananyonya," mpishi mkuu akacheka mpaka akaweka mwiko chini, nami nikaikunja karatasi nikatoka kifua mbele, na kumbe hata sijui hiyo namba ni kitu gani.

Ukweli nakuambia wewe tu. Tarakimu nazijua vizuri, herufi ndizo zinanitesa, mstari mmoja nausoma jasho likinitoka, na mtaani hawalijui hilo kwa sababu kila asubuhi nalishika gazeti pale barazani kwa kinyozi ninapofanyia kazi, nalifungua, natikisa kichwa, nasema "mambo ni mabaya," na siku zote yanakuwa mabaya kweli. Huyo kinyozi ana sanduku la posta, na safu nzima ya maduka yale tunatumia sanduku lake hilo hilo, mimi na fundi saa na mama mshona mapazia, barua zetu zote zinaingia humo na yeye anatugawia huku ananyoa. Na ukutani kwake, juu ya kioo, kuna cheti cha ofisi ya kodi kwenye fremu, kina namba ndefu. Mimi nikaona mambo ni yale yale, kama sanduku ni la wote basi na namba ni ya wote, nikachukua kalamu nikasimama chini ya kile cheti nikanakili tarakimu moja moja bila kukosea hata moja, nikaandika jina langu, nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu. Mama mshona mapazia akapita akauliza, "Mzee Makali, unasoma nini hapo ukutani?" Nikamjibu, "Nakagua kama karatasi za huyu mtu ziko sawa."

Fomu nikampelekea yule binti, ikapita miezi minane kimya, nalipwa kama kawaida. Wiki mbili zilizopita kinyozi kafungua barua akapiga ukelele, mpaka mteja aliyekuwa na nusu ya ndevu akasimama kitini. Ofisi ya kodi inamuuliza mbona hakutaja malipo anayopokea hotelini, na wamempa siku thelathini ajieleze. "Hoteli gani? Mimi nimemnyoa nani hotelini?" anakiuliza kioo. "Kuna mtu kaiba namba yangu! Namba ya mtu ni yake peke yake, kama alama ya kidole!"

Mshauri, hapo ndipo nilipojua. Mguu uliganda juu ya pedali, jiwe likazunguka lenyewe mpaka likachoka.

Ningesema pale pale yangeisha. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inanguruma, "Anayeiba namba ya mtu ni sawa na anayeanua nguo za mtu kambani, akamatwe!" na kinyozi akanipa mkono akasema, "Asante mzee wangu, bora hapa tuna mtu mzima."

Na bado hujasikia kinachoninyima hamu ya kula. Kinyozi ana shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto wawili, mpole, ananyolea kiti cha pili, na ndiye mwingine mwenye ufunguo wa sanduku zinamoingia barua za kodi zenye namba ile, kwa hiyo kinyozi akaanza kumtazama kwa jicho baya. Akaja akaniinamia barazani akauliza, "Mzee, wewe unapanda hotelini kila wiki. Huyu shemeji yangu umewahi kumwona kule?" Nikasema, "Nimemwona mara moja, lango la nyuma."

Na ni kweli nilimwona. Alikuwa ananisukumia baiskeli yangu. Goti lilinigomea siku ile, akaacha kiti chake akanisukumia mpaka langoni, na soda niliyompa akasema nikampe mjukuu. Hilo la kusukuma sikulisema.

Siku ile ile akafukuzwa. Alizungushia mikasi yake taulo, mikasi niliyoinoa mimi, akanipita barazani akasema, "Kwaheri, mzee wangu. Goti linaendeleaje?" Sasa mke wa kinyozi hasemi na mumewe, kiti cha pili kimewekwa ndoo juu, na mimi nipo pale pale nanoa na kila apitaye ananiamkia. Nina aibu, mshauri, nina aibu mpaka mate hayapiti. Nikisema, mtaa mzima utajua Makali hajui kusoma, na wajukuu zangu wananiita mwalimu. Nisiposema, yule mtu anakaa nyumbani mchana na watoto wake wanamuona. Nimewaza niache kazi ya hoteli kimya kimya, niseme ni goti. Je, hiyo haitoshi? Jibu litoe hapo hapo kwenye ukurasa wako wa gazeti, usilitume kwa posta, sanduku unalijua ni la nani.

Na kama unadhani natunga, muulize mpishi mkuu aliyecheka, halafu muulize mama mshona mapazia, yeye aliniona na kalamu mkononi.

Makali, mnoa visu

*

Shikamoo, mzee wangu. Salamu nimeitanguliza kwa sababu yanayofuata hayana sukari.

Kutojua ile namba ni kitu gani si jambo la kumfanya mtu ashindwe kumeza mate. Wapo wenye tai shingoni wanaoniuliza hilo hilo. Sanduku la posta watu huazimana, namba ya mlipakodi haiazimwi. Kila hoteli ilipokulipa, malipo yaliandikwa kule kodi chini ya namba uliyowapa, na kwa miezi minane kinyozi amekuwa mnoa visu bila kushika kisu. Hapo ulikosea, na kosa hilo linarekebishika.

La lango la nyuma hukukosea, mzee. Pale ulijua. Mtu aliyekusukumia baiskeli siku goti limekugomea, wewe ukamtoa kazini kwa sentensi moja, tena ukaichagua iwe ya kweli ili ulale vizuri. Na sasa unataka kumsingizia goti! Goti lako halina hatia, liache. Ukiikimbia hoteli leo, ile ndoo itatoka juu ya kiti?

Halafu kuna kitu umesahau na ujanja wako wote. Fomu ile ina jina lako na sahihi yako yenye mkia, na iko kwenye faili la yule binti mwenye miwani. Siku kinyozi akipanda kilima kuuliza, ataonyeshwa. Umeshashikwa, ila hujatangaziwa tu. Na huu ukurasa uliotaka nikujibu, watu wa safu yenu wanausoma. Kwa hiyo usimalize hata chai.

Ingia kwa kinyozi kabla mteja wa kwanza hajakaa. Usianze na umri wako, wala hao mameneja uliowazika. Sema: "Namba niliandika mimi, nilidhani ni ya wote kama sanduku. Na shemeji yako nilimwona langoni kwa sababu alikuwa ananisukumia baiskeli." Yote mawili, la pili usilimeze. Akikutukana, pokea. Kisha uende nyumbani kwa shemeji ukapige hodi mwenyewe, na kinyozi ukiweza kumpata. Umwombe radhi mbele ya mkewe na watoto, maana na wao wameketi na aibu isiyo yao.

Ukitoka hapo, chukua kitambulisho uende ofisi ya kodi. Waambie huna namba na unataka yako. Wakikupa karatasi ya kujaza, waambie, "Sisomi vizuri, nisaidieni." Mtu aliyeniandikia kurasa tatu kwa siku nne hawezi kushindwa na maneno matatu. Ukipata namba, panda hotelini. Yule binti akujazie fomu mpya, ile ya zamani aiondoe, na akupe barua inayosema malipo ya miezi minane ni yako. Kinyozi aipeleke kodi kabla zile siku thelathini hazijaisha, na ikionekana kuna kodi ya kulipwa, ni yako, ilipe wewe. Nusu ya siku zake ulishazila wewe kwa kunyamaza.

Binti akikuuliza tena, "Nikusaidie, babu?" jibu ni, "Ndiyo, mwanangu." Na wajukuu wanaokuita mwalimu, waketishe jioni wakusomee gazeti, na wewe ufuatishe kwa kidole. Hawatakuvunjia heshima. Watoto hupenda sana kumfundisha mtu mkubwa.

La mwisho ni huyo shahidi wako. Mama mshona mapazia alikuona chini ya cheti na kalamu. Akasikia kinyozi akilia na namba yake. Akamwona shemeji akitoka na taulo. Huyo ni mtu anayepima dirisha kwa macho na pazia likaenea, wewe unadhani hili limemshinda kupima? Wiki mbili sasa anakuamkia kila asubuhi, akikungoja useme mwenyewe. Usimchoshe.