Kobe wa Mwalimu Asajile

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Igowole imepungua? Mimi ni mzima. Biashara ya mitumba inakwenda hivyo hivyo, siku nyingine inachangamka, siku nyingine nakaa tu. Naandika kwa sababu juzi simu ilikatika uliposikia kwamba nafuga, na sijui ulidhani ni nyoka au kenge. Ni kobe, mama. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Unamkumbuka Mwalimu Asajile, yule mzee jirani aliyekukaribisha chai ulipokuja kunitembelea? Mwezi wa tano alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilegea na maneno yakampotea. Binti yake, Tusekile, akaja kumchukua akatibiwe Dar es Salaam. Wakati wanampandisha kwenye gari, mzee alikuwa ananyoosha mkono kuelekea uani, kwa kobe wake. Amemfuga tangu mkewe akiwa hai, na ana kibali cha watu wa wanyamapori. Tusekile akaniangalia. Nikasema nitamtunza. Nilisema tu, maana nilishindwa kuuangalia ule mkono.

Sikujua chochote. Nilimhamishia uani kwetu, nikampa ugali na maziwa kama mtoto, usiku nikamwacha nje. Ukaingia mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya unaijua. Akaacha kula. Macho yakavimba, yakafumba kabisa, akabaki amejificha ndani ya gamba. Mama mwenye nyumba akasema nimtupe korongoni kabla hajatuletea mkosi, na wapangaji wenzangu wakaacha kukaa uani. Sikuwalaumu. Hata mimi mwanzoni nilikuwa namsogeza kwa mti wa ufagio.

Nikampigia Tusekile. Aliniomba baba yake asijue, maana tangu augue alikuwa anajibu ndiyo na hapana tu, na mazoezi ya hospitali anayakataa. Lakini mzee alikuwa ameshasikia sauti yangu, akaiomba simu kwa mkono. Nikamweleza ukweli wote. Mzee akasema, neno moja moja, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika:

"Maji. Vuguvugu. Halafu... jua."

Nikasikia Tusekile analia pembeni yake.

Nilimweka kobe kwenye beseni, maji yakiwa machache yasimfike shingoni, nikamfuta macho kwa kitambaa, nikampeleka juani. Jioni nikamwingiza ndani, kwenye boksi lenye nyasi kavu. Nikawa napiga simu kila siku, na mzee akawa anaongeza maneno: asipewe tena ugali wala maziwa, ale nyasi, mchunga na majani ya maboga, na maganda ya mayai yasagwe anyunyiziwe juu ya chakula. Siku alipofungua macho akang'ata jani, nilimwita mama mwenye nyumba aje aone. Alisimama muda mrefu akimwangalia, akarudi ndani. Tangu siku hiyo habari ya korongo sijaisikia tena.

Leo baada ya ibada Tusekile amepiga. Anasema baba yake sasa anafanya mazoezi, anatembea na fimbo mpaka mlangoni. Mzee akataka kumsikia kobe akila. Nikaweka simu chini, karibu na mdomo wake, akatafuna, na mimi nimechuchumaa pale naogopa hata kukohoa. Baadaye nikamuuliza mzee kama nitafute njia ya kumsafirisha kobe huko Dar.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mwache hapo hapo. Nitamfuata mwenyewe."

Basi ndiyo hivyo, mama. Nafuga mpaka mwenyewe aje, na naomba usinikasirikie.

Nisalimie baba mdogo na wote wa nyumbani kwake, na bibi umwambie namkumbuka kila asubuhi ninapokoroga uji. Mdogo wangu akirudi likizo kutoka Tosamaganga, mpe barua hii aisome. Na wewe ukikaa nje jioni, lifunike hilo goti.

Mwanao akupendaye,
Veronika