Tabibu Aliyekataa Kunikondesha

Daegu, Machi

Mpendwa mdogo wangu Hae-rin,

Kimchi ya Mama, ile kabichi yake ya pilipili, imechachuka vizuri. Uliuliza kipi hupunguza unene zaidi: sindano yangu ya kila wiki au mitishamba ya kuchemsha. Sindano imeniondolea kilo sita. Mitishamba sikuwahi kuijaribu. Jana mama mkwe alinikokota kwa tabibu wake wa mitishamba.

"Msomi mzima unajidunga kama ng'ombe!" alinifokea mbele ya tabibu.

Tabibu alinishika mshipa wa mkono, akayasikiliza mapigo.

"Binti, mwenye mimba simpi dawa ya kukonda. Na sindano uiache leo."

Sikumsadiki, nikaenda kupimwa hospitalini. Hae-rin, baada ya miaka tisa ya kungoja, ni kweli.

Mama mkwe amekwisha kupika supu ya mwani. Nilimkumbusha kuwa hiyo ni ya aliyejifungua, kisha nikala mabakuli mawili.

Dada yako anayenenepa,
Bo-gyeong