Nusu ya Sahani ya Baba

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha nyuma ya kinyozi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Naitoa kwa moyo mzito, lakini naitoa, maana mama alinilea vizuri. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kumwinua baba. Yeye anakula, analala, anatania watu. Kwa hilo tunashukuru.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi shangazi alikuja, akafunua masufuria yangu moja moja kabla hata hajakaa. Ndipo nikajua kwamba baba alikwambia kwenye simu kuwa namlisha nusu sahani, nawe ukaamini, na mmekwisha kupanga baba mdogo aje na gari Jumamosi amhamishie kwake. Mimi ninayelala naye chumba kimoja nimekuwa wa mwisho kujua. Limeniuma, kaka, siwezi kukuficha.

Ngoja nikueleze ugonjwa wenyewe, maana hukuwahi kuuliza. Daktari alikunja ngumi mbili, akazibananisha. Akasema ubongo uko hivyo, nusu mbili, na kila nusu inaongoza upande wa pili wa mwili. Donge la damu liliziba mshipa wa nusu ya kulia, ndiyo maana mkono na mguu wa kushoto vimelala. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba kuna sehemu juu ya sikio la kulia, kuelekea kisogoni, ambayo kazi yake ni kumkumbusha mtu kuwa kushoto kwake kuna vitu. Hiyo nayo iliharibika. Macho ya baba ni mazima kabisa, lakini kushoto kwake ni kama hakuna kitu.

Basi anakula chakula cha upande wa kulia wa sahani mpaka unang'aa, anaweka kijiko chini, anaanza kulalamika njaa. Naigeuza sahani. Anashangaa nimempakulia tena saa ngapi, anamaliza. Hasemi uongo, nami simnyimi. Siku aliyokupigia simu alikuwa ameweka tu kijiko chini, nami nilikuwa uani naanua nguo.

Wiki ya kwanza tulimpa kioo na mashine yake ya kunyolea. Mzee aliyenyoa vichwa vya mtaa mzima alinyoa shavu la kulia, akajipaka spiriti, akasema mteja amependeza. Shavu la kushoto lilikuwa na ndevu vilevile. Nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni. Mkono wake wa kushoto nao anasema ni wa mteja aliyeusahau kwenye kiti.

Utasema, mbona kwenye simu anaongea vizuri? Daktari anasema kwa watu wengi maneno yanakaa nusu ya kushoto, na hiyo haikuguswa. Kwa hiyo wewe unapata baba mzima, mwenye utani na mashtaka yake, mimi nabaki na huyu wa kugeuzwa kitandani. Hukuomba mgawanyo huo, najua, lakini umeufurahia.

Nilimweleza shangazi haya yote nikiwa nimeushika mkono wa kushoto wa baba, naufuta kwa kitambaa. Baba akanikatiza, akamwambia shangazi aliyekaa upande wa kulia: "Huyu binti yangu kaenda wapi? Tangu asubuhi sijamwona."

Shangazi aliinamisha macho. Masufuria hakuyataja tena. Lakini hakusema kwamba safari imevunjwa, kwa kuwa neno ni lako, wewe ndiye mkubwa. Wageni wote hukaa kulia kwa sababu kiti kiko huko. Wanaonekana, wanaombewa dua. Kazi yote iko kushoto, na anayeifanya hayupo.

Kwa baba mdogo unapajua. Jiko la mkaa liko mlangoni, na watoto wanapita mbio. Wiki iliyopita, hapa hapa nami nikiwepo, mkono ule wa kushoto wa baba uliangukia birika la chai ya moto, naye hakuutoa. Nilikuwa nimegeuka kuchukua sukari tu, na mpaka leo namfunga bendeji. Huko nani atakumbuka? Watampenda sana, na watamlisha nusu sahani kwelikweli.

Nakuomba umpigie baba mdogo kabla ya Jumamosi, umwambie gari libaki. Sitaki msaada mwingine. Ukiona bado afadhali ahame, basi njoo umchukue mwenyewe, ukae kwanza nikufundishe.

Kuna jambo moja nataka ulisikie kwangu, si kwa shangazi. Picha yako ya harusi ilikuwa ukuta wa kulia. Kutwa baba anaitazama, anawaambia wageni huyo ndiye mwanangu wa kutegemewa. Alhamisi, shangazi alipoondoka, niliitoa nikaitundika kushoto, juu ya kigoda ninachokalia. Nikangoja aulize imekwenda wapi. Mpaka leo hajauliza. Nilidhani nitafurahi, sikufurahi. Lakini sijairudisha. Acha ukae kidogo hapo ninapokaa mimi.

Msalimie sana wifi, na umbusu Kidosho wetu, mwambie babu anamtaja kila siku, hilo ni kweli kabisa. Shangazi anakusalimu. Mungu awalinde huko mliko, awape afya ya pande zote mbili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,
niliye kushoto kwa baba.