Mwisho wa Mtaro wa Kaka

Kitalu Namba 14,
Mfereji wa Pili.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na wanangu wawili, na kwamba kifua cha binti yako kimetulia baada ya baridi ya huko. Mimi ni mzima wa kusimama. Magoti yananisumbua asubuhi, yakishapata moto yananyamaza. Mama mdogo sasa anaona kwa jicho moja, ila hilo moja linaona ya mtaa mzima.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe huongea haraka, na mimi husema "sawa" kabla sijaelewa nimekubali nini. Karatasi hainikatishi.

Najua kaka amekusimulia habari za shamba. Amekuambia lusini, yale majani yake ya kulisha ng'ombe, imefika magotini, anakata, inachipua, anakata tena. Ni kweli. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Kaka anausifu mtaro uliomchorea kila anapokaa na watu, lakini aliyelowa ni mimi. Sasa nisikilize na mimi.

Unakumbuka baba alivyotugawia. Kitalu cha juu kwa kaka, cha chini kwangu, na wewe ukasema hutaki shamba, unataka shule. Uliipata. Malisho ya kitalu cha chini ndiyo yaliyogeuka maziwa, na maziwa yakakusomesha. Sisemi hivyo ili unilipe. Nasema ili ukumbuke kwamba udongo huu si mgeni kwako.

Chumvi ilimwanzia kaka. Majani ya lusini yake yakaungua kingo kama yaliyopitishwa karibu na jiko, na juu ya matuta ukatanda unga mweupe. Yeye akazidi kumwagilia, kidogo kidogo kila jioni, na kadiri alivyomwagilia ndivyo unga ulivyozidi.

Ndipo ukaja likizo. Ukachimba, ukaonja udongo kwa ncha ya ulimi, ukachomeka kile kidude chako chenye namba. Ukamweleza kaka kwamba maji machache yakikauka juu huivuta chumvi ipande. Aache kunyunyiza. Afurikishe shamba kwa siku moja, chumvi ioshwe ishuke chini ya mizizi, kisha achimbe mtaro wa kina cha kiuno uichukue na kuitoa nje. Yote uliyosema yalikuwa sahihi, na mimi sijawahi kuikosoa elimu yako. Ila hilo neno "nje" hukulimalizia. Nje ya kwa kaka ni kwangu.

Mtaro mkuu wa kutolea maji unapita mwisho wa chini wa kitalu changu, hatua arobaini kutoka uzio wa kaka. Mtaro wako ulitakiwa upite pembeni mwa shamba langu, hatua hizo arobaini tu, uingie huko. Mchoro ulionyesha hivyo. Niliuona juu ya meza yangu, umeuwekea kikombe usipeperuke. Lakini mashine ya kuchimba ilifika kwenye uzio jua likizama, na dereva alikuwa anatakiwa kwingine kesho yake. Kaka akasema kipande kilichobaki atakimalizia kwa jembe. Ulikuwepo, mdogo wangu. Ulikuwa unafunga begi.

Majuma mawili ya kwanza nilimshukuru. Kona yangu ya juu ilikuwa na unyevu bila kusubiri zamu ya maji, na majani yakanyanyuka, kijani kibichi. Nilimpelekea kaka mayai kumi. Nikiyakumbuka mayai yale naona haya peke yangu.

Kiangazi kilipoingia, kona ile ikawa nyeupe. Weupe ukatembea. Kila kaka alipofurikisha kwake, maji yalishuka na chumvi yake, yakafika kwenye uzio, yakakosa pa kwenda, yakalala kwangu. Yalipokauka yaliacha mzigo. Nilikuwa nafagia kwa ufagio wa uani asubuhi, na baada ya siku tatu nafagia tena. Kisha kisima kikageuka. Chai ikawa kama imetiwa machozi. Malkia, ng'ombe wangu wa pekee, aliingiza mdomo kwenye ndoo, akautoa, akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Nilikwenda uzioni nikamwita kaka. Alikuwa anafunga mizigo ya lusini, shati limemlowa mgongoni. Nilimwonyesha.

"Maji hayana macho, dada," akasema. "Yanafuata mteremko."

"Hayana macho, lakini wewe unayo," nikamwambia. "Unaona yanakokwenda."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema kwa upole kwamba kipande kile atakichimba akishakata lusini. Akakata. Akasema baada ya mkato unaofuata. Wewe unajua lusini inavyokatwa. Mkato unaofuata haujawahi kwisha kuja.

Nikaenda kwenye kamati ya maji. Mwenyekiti alinipa kiti, akaniambia haya ni mambo ya ndugu, yaishie nyumbani. Sikuondoka. Nilipokazana, wakaamua wakupigie wewe, mtaalamu, wakaweka simu mezani isikike na wote. Mimi nilikuwa nyuma ya mwenyekiti na hakuna aliyekuambia kwamba nasikia. Mwenyekiti akaeleza. Nikadhani utanitetea.

"Hilo jambo dogo," ukasema. "Mwambieni dada apande majani yanayovumilia chumvi. Yapo."

Wajumbe wakatikisa vichwa, maana msomi amesema. Fundi wa pampu peke yake ndiye aliyeangalia chini. Mwenyekiti akageuka akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Nimerudi na sentensi hiyo nyumbani, nimeipika, nimelala nayo. Apande majani yanayovumilia. Mimi nimevumilia mengi, mdogo wangu, lakini sikujua kwamba hata majani yangu mmeyapangia kazi hiyo.

Hata hivyo nilipanda. Sikutaka mseme dada ni mbishi. Bwana shamba alinipa miche ya vichaka vya majani ya kijivu, nikaihangaikia juani. Iliyo pembeni imeshika, na mbuzi wa jirani huipenda kuliko mimi. Iliyo katikati imeoza mizizi, kwa sababu mmea unaovumilia chumvi nao hauwezi kuogelea. Malkia aliinusa akageuka.

Novemba mbavu zake zilikuwa zinahesabika kutoka barabarani. Wifi, mke wa kaka, ndiye aliyekuja. Alikuwa ameshika kamba na hakuweza kuniangalia. Akasema heri ng'ombe ale kwao kuliko afe kwangu. Alisema kweli, na aliyesema kweli humfukuzi. Nilimfungua Malkia kwa mikono yangu.

Sasa amenenepa. Anakula lusini iliyooshwa chumvi, na chumvi yenyewe ninayo mimi. Kila asubuhi wifi huniletea chupa ya maziwa yake, huiweka kizingitini akaenda zake. Nayanywa. Sina kiburi cha kumwaga maziwa.

Haya yote ningeendelea kuyameza. Kilichonikalisha mezani ni mabati.

Jumanne iliyopita kaka alikuja na mabati sita. Akasema wageni kutoka ofisini kwenu watafika mwisho wa mwezi kuona shamba la mfano, na wewe utawaongoza. Akaomba mabati yasimamishwe kwenye uzio kwa siku mbili tu, kwa upande wangu, ili jicho la mgeni lisihangaike. Nilimwuliza wazo ni la nani. Akaangalia viatu vyake.

"Ni letu, mimi na mdogo wetu," akasema.

Nimekataa. Aliyabeba mabati yake moja moja kuyarudisha, na upepo ulikuwa unamsukuma. Sikumsaidia.

Wageni wako wakija watanikuta uzioni, nimevaa vizuri. Sitapiga kelele. Nitawakaribisha wavuke, watakanyaga wenyewe, na mlio wa lile ganda jeupe chini ya viatu utawaeleza kuliko mimi. Wakiuliza mtaalamu aliyechora mtaro ni nani, nitawaambia ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nitalisema kwa fahari, kwa sababu fahari hiyo niliipanda kabla hujajua kusoma na sasa imegoma kung'oka.

Nakuandikia mapema usije ukasema dada alikuvizia. Una majuma matatu. Kaka ana jembe, na wewe una sauti anayoisikiliza. Hatua arobaini si safari.

Nisalimie mkeo, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wakumbatie wanangu, mkubwa umwambie shangazi anauliza kama bado anaogopa kuku. Mama mdogo anakusalimu. Wifi anakusalimu. Kaka hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake sina.

Mungu akulinde ugenini, akupe riziki isiyomharibia mtu, na usingizi usiotafutwa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata sasa, na hapo ndipo panaponiuma.