Tufaha la Baba Lisioze

2 Julai

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Kifua kimepona, au hilo ghala la baridi bado linakukohoza? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisema.

Kaa chini kwanza. Ule mti aliopandikiza marehemu baba yako nyuma ya jiko, tukamcheka kuwa anamwagilia kuni, umezaa! Matufaha tisa. Na wewe likizo yako ni Desemba. Mimi ya ile miti yangu ya shambani huyachuma yakiwa mekundu, yananukia, na mwezi haujaisha yamekuwa uji. Haya ya baba yako nataka uyang'ate kwa meno yako mwenyewe. Si ndiyo kazi yako kutunza matunda? Nifanyeje?

Mama yako

19 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua hakijambo. Barua yako nimeisoma mlangoni mwa ghala nikalia, msimamizi akadhani ni baridi.

Mama, unachelewa kuchuma. Tufaha likishachumwa bado linapumua, linajila lenyewe polepole. Likinukia mtini, sehemu kubwa ya maisha yake imeshakwenda. Ila ukiwahi mno linanyauka na utamu haliupati tena. Hapa tunakata moja na kulipaka iodini, ile dawa ya vidonda. Penye wanga panakuwa peusi. Likiwa jeusi lote, bado. Katikati pakiwa peupe na pembeni pangali peusi, chuma hapohapo. Weka penye ubaridi, mbali na ndizi, zinayaivisha upesi.

Mwanao

8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Makubwa haya! Dawa nimeomba kwa muuguzi. La kwanza: jeusi tititi. La pili: jeusi, ila katikati pameanza kupauka. Usingizi ukaniruka. Huo wanga unakwenda wapi? Jirani naye akaja, tukakata la tatu, la nne, tunabishana kama mahakimu. La tano, katikati peupe pee! Nikaruka kwa furaha, magoti yakanikumbusha umri.

Ndipo nikatazama mti. Yamebaki manne. Usinicheke. Nimeyachuma, yamo kwenye sanduku katika kile chumba kisichopata jua.

Mama yako

25 Agosti

Mama,

Shikamoo, na samahani, nimecheka mpaka nikashika ukuta. Mngekata mara moja tu kwa wiki! Haya, wanga unageuka sukari, ndiyo maana tunda linakuwa tamu. Yakague kila mara, lenye doa litoe upesi lisiambukize mengine. Nitakuja kuyala, nakuahidi.

Mwanao

3 Desemba

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Likizo imefutwa, ghala limejaa na watu hatutoshi. Usinisubiri. Uyale wewe, mama.

Mwanao

21 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Si mzima wala si mgonjwa, nimekasirika.

La kwanza liliingia doa, nikalitupa. La pili lililainika, tukagawana na jirani. La tatu nimelila siku barua yako ilipofika, kwa hasira, kisha hasira ikaisha nikabaki nalia. Ladha yake, mwanangu! Baba yako alijua alichokuwa anakitafuta.

La nne bado gumu kama jiwe, sijui linangoja nini. Nimelifunga kwa gazeti nikampa dereva wa lori anayekuja huko. Nimemwambia akilila nitamfuata mwenyewe, na magoti yangu haya haya. Niandikie kama limefika zima. Nataka kujua.

Mama yako

9 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Limefika! Dereva anaapa hakulisogelea, anakuogopa kweli. Ganda limejikunja kidogo, lakini nilipong'ata lilitoa mlio hadi mwenzangu wa zamu akageuka. Nimelila lote na mbegu zake, nimezungukwa na matufaha ya watu yaliyopangwa mpaka darini.

Nikuambie ukweli? Lilikuwa chachu kidogo. Ungeliacha mtini wiki moja zaidi lingekuwa tamu hasa, lakini lisingenifikia. Nimeliwaza hilo zamu nzima. Jioni nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia msimu ujao asinihesabu.

Kwa hiyo mwaka huu usikate, usipake dawa, usichume hata moja. Yaache mtini mpaka yanukie nyumba nzima. Nitakuwepo.

Mwanao